Vitanda Viwili vya Mulombwa

Marceline Kapinga hakumrudisha mtoto yeyote. Hilo lisemwe kwanza, kwa kuwa ndilo linalosemwa zaidi: kwenye bomba la maji, kwenye meza za mboga za soko la mtaa wetu wa Kikula, hata mbele ya mlango wa kanisa, watu wakiwa wametoka kupokea komunyo dakika chache tu zilizopita. Wanasema alileta mapacha nyumbani kutoka kwa masista, akawapima kwa macho wiki nzima, akaona mmoja ni dhaifu, akamrudisha kama mtu anavyorudisha ndoo iliyotoboka kwa muuzaji. Wengine, wanaojiona wana huruma, wanasema masista ndio waliompa mtoto mgonjwa kwa kujua. Na wapo wanaosema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba kitanda cha pili kilichotandikwa chumbani kwake ni cha kulishia wafu.

Yote matatu ni uongo. Mtoto hakurudishwa, kwa sababu hakuwahi kufika. Masista hawakumdanganya mtu. Walisema mapema, wakasema tena. Na kitanda cha pili kina maelezo yake, ambayo kila mwenye asili ya Kasai anayajua tangu utotoni, isipokuwa kama ameamua kuyasahau ili apate la kusimulia.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Haupendezi kuliko uongo, lakini ni wa familia hii, na afadhali ujulikane ulivyo.

Marceline amefundisha Kifaransa katika shule ya sekondari ya Likasi, mji wetu wa migodi, kwa miaka ishirini. Mumewe, Casimir, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kituo cha umeme cha Koni. Alianguka mezani siku ya Pasaka akiwa na kijiko mkononi, na kabla ya gari kupatikana alikuwa ameshatutoka. Hawakuzaa. Nyumba ya Kikula aliijenga Casimir kwa likizo zake, kila mwaka ukuta mmoja, na akaweka chumba cha katikati chenye dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Kiliitwa chumba cha watoto kwa miaka kumi na sita bila mtoto kulala humo. Marceline aliweka humo daftari za wanafunzi na magunia ya makaa.

Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa kalamu nyekundu. Anasahihisha kila karatasi inayopita mkononi mwake: mitihani, matangazo ya parokia, kadi za mialiko ya harusi. Casimir alipofariki, chama cha wafanyakazi kilileta barua ya rambirambi, na inasemekana kwamba mjane aliisoma, akalia, akafuta machozi, akaongeza herufi iliyosahauliwa. Hiyo ni kweli. Hakuna ubaya ndani yake.

Mwaka wa nne wa ujane, wanawake wa parokia walimtuma apeleke sabuni na unga kwa masista wanaotunza mayatima. Huko aliwaona Mbuyi na Kabanga, mapacha wa kike, wakati huo wana mwaka mmoja na miezi michache. Mama yao alifariki akiwazaa. Baba yao, Mluba wa Kasai kama Marceline mwenyewe, aliyechimba shaba kwa mikono karibu na Kambove, alifukiwa na udongo kabla hawajaota jino. Aliwaachia majina tu, yale ambayo mapacha wa Kiluba huzaliwa nayo tayari. Hakuna ndugu aliyekuja kuuliza habari zao.

Kabanga alimshika Marceline kidole. Mbuyi alitazama mkono wa mwenzake, akafikiri kidogo, akaja kushika kidole kile kile cha mkono wa pili. Wakakaa hivyo, wote watatu, hadi unga ulipokwisha kupimwa. Jioni hiyo Marceline alitoa makaa kwenye chumba cha katikati na kusugua sakafu.

Barua, vyeti, mashahidi na hakimu vilichukua miezi kumi na moja. Mwishowe ruhusa ilitoka: watoto wakae kwake, huku asistanti sosiale, yaani afisa wa ustawi wa jamii, msichana mmoja mtulivu aitwaye Jessica, akiwafuatilia hadi uamuzi wa mwisho. Siku ya kuwachukua iliwekwa kuwa Ijumaa.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Sista Laure, muuguzi wa nyumba ile, alimkalisha Marceline kwenye benchi la zahanati na kumpa karatasi.

"Madame, bantu banakuja hapa na ba poupée mikubwa kupita mutoto mwenyewe," alisema. "Mutoto anaona ile kitu, anakimbia, analia. Bananunua viatu, haviingie. Bananunua robe ya misa, kisha banakosa pesa ya sabuni. Miye nimeandika yenye unapashwa kununua, na yenye unapashwa kuacha. Usiongeze."

Orodha ilikuwa fupi, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika amesimama. Godoro moja pana, la kutandika chini. Chandarua kimoja kikubwa cha kulifunika lote. Ndoo yenye mfuniko na koki, na dawa ya kutia kwenye maji. Paketi za chumvi ya kuharisha, ya kuchanganya na maji mtoto akihara, kumi au zaidi, zikae ndani kabla watoto hawajaingia. Beseni. Vikwembe viwili vya kubebea mgongoni. Nguo za tombola, yaani mitumba, zilizochemshwa, kwa kuwa nguo ambayo imeshavaliwa na mtoto mwingine haimkwaruzi mtoto ngozi. Chini ya mstari yalikuwa mambo ya kuacha: vitanda, viatu, wanasesere, nguo za sherehe, kigari cha kusukuma ambacho hakina barabara ya kupita Kikula. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: WALALE PAMOJA.

"Hawajalala mbali hata siku moja," Sista Laure alisema. "Ukitoa moja, ingine inaamuka."

Marceline alishukuru. Nyumbani alikaa mezani, akachukua kalamu nyekundu. Alisahihisha makosa mawili ya tahajia, ambayo hayakumsumbua mtu ila yeye. Kisha akakata "godoro moja" na kuandika juu yake "vitanda viwili". Akakata "tombola", akaandika "mpya, jozi". Chumvi ya kuharisha hakuigusa. Aliinunua yote, na maji, na sabuni, na chandarua, isipokuwa alinunua vyandarua viwili.

Hapa ndipo wanaocheka wangenyamaza kama wangejua.

Mwaka wa tisini na tatu, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa na wenyeji wa huku katika nyumba zao, Marceline alikuwa na miaka kumi na miwili. Familia yao ilikaa miezi mitano kwenye kituo cha treni cha Likasi, chini ya turubai, ikingoja behewa la kuwapeleka Kasai. Baba yake, karani wa mgodi, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa, aliondoka nyumbani na kile kilichoweza kubebwa kichwani: sufuria, biblia, vyeti, blanketi. Kabati, cherehani na vitanda vilibaki kwa watu ambao jana yake walikuwa majirani. Mama yake alikuwa na mapacha wa miezi minane. Blanketi lilikuwa moja, dogo, na usiku lilifika kwa mmoja tu.

Kwetu mapacha hawapewi kwa zamu. Ukimpa mmoja, unampa na mwenzake, kitu kile kile, saa ile ile. Mgeni anayeingia na pipi moja anaombwa arudi nayo nje. Pacha akiona mwenzake anacho na yeye hana, anahesabu kwamba hatakiwi, na anarudi alikotoka. Wala hatusemi kwamba pacha amekufa. Tunasema amerudi. Mmoja wa wale watoto wa kituoni alirudi mwezi wa pili, na mama yake Marceline, ambaye aliwaona watoto wengine wengi wakifa kwa surua pale pale penye mablanketi ya kutosha, alilaumu blanketi hadi siku alipozikwa.

Behewa lao halikuja kamwe. Wakabaki Likasi, wakaanza upya. Marceline alisoma, akaapa mambo mawili: kwamba hatamiliki tena nyumba inayoweza kubebwa kichwani, na kwamba kama Mungu atampa mapacha, hakuna mmoja atakayekuta pungufu. Ukimuuliza kama anaamini, atakwambia kwamba si suala la imani, ni suala la heshima. Lakini vitanda aliviagiza.

Seremala Ruffin ana karakana yake nyuma ya soko. Alikuwa mwanafunzi wa Marceline, na alipoona karatasi yenye vipimo na aina ya mbao, ngumu kuliko zote, alicheka.

"Madame! Mulombwa kwa batoto ya miaka mbili? Bale batalala humu mupaka bazae, na bajukuu babo balale."

"Njo vile ninataka."

"Acha nitumie mbao ya bei nafuu. Wiki hii bote mbili iko tayari. Mulombwa ni nguvu, Madame, inakula meno ya mashine."

"Ruffin, weye ulipita katika darasa langu. Nilikufundisha kufanya kazi nusu?"

"Hapana, Madame. Ulinifundisha participe passé. Haijanisaidia kitu mupaka leo."

Wanagenzi wake wakacheka, Marceline naye akacheka, na huenda hicho ndicho kicheko cha mwisho katika habari hii.

Wifi yake, Joëlle, dada mdogo wa Casimir, alimsindikiza kununua vingine. Joëlle ana moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Sokoni alishika gauni moja la rangi ya maji, akaliinua juu kila mtu alione.

"Mulamu, nunua moja ya blue na moja ya rose. Tutajua nani ni nani."

"Zifanane."

"Utabajua vipi, na ni mapasa?"

"Kwa macho. Mama yao anawajua kwa macho."

Ilikuwa mara ya kwanza kujiita hivyo mbele ya watu. Joëlle alilipa gauni zote mbili kwa pesa yake mwenyewe. Nayo hiyo isimuliwe, kwa kuwa baadaye alisimulia mengine.

Ijumaa iliyowekwa ilifika, na kitanda kimoja tu kilikuwa tayari. Kilikuwa kizuri, chekundu, kizito, kimepigwa msasa hadi ukipitisha shavu hakikwaruzi. Cha pili kilikuwa bado mbao zilizoegemea ukuta. Mashine ya kuranda ilikuwa imesimama tangu Jumanne kwa kukosa umeme, na Ruffin alikuwa akiranda kwa mkono.

Marceline alimpigia Sista Laure simu kuomba wiki moja.

"Wiki moja ya nini?"

"Kitanda cha pili hakijamalizika, ma sœur."

Sista Laure hakuelewa. Yeye ni mzaliwa wa huku, si Mluba. "Madame, nilikuandikia nini? Bitanda haviombwe. Kuja na kikwembe, ubabebe, muende."

"Siwezi kuwaingiza kwenye kitanda kimoja."

"Basi balale chini! Bote mbili chini, haiko sawasawa?"

Ilikuwa sawasawa. Hilo Marceline analijua leo, na alilijua hata siku ile, kwa namna mtu anavyojua jambo lililosemwa na mwingine. Lakini aliwaza sakafu ya kituo cha treni. Aliwaza pia wakwe zake na wanawake wa parokia, ambao wangekuja Jumamosi kuona watoto, na kukuta binti za Casimir wamelazwa chini kama wakimbizi katika nyumba aliyoijenga ukuta kwa ukuta. Akasema, "Ijumaa ijayo, ma sœur. Ni siku saba tu."

Jumatatu, saa nne asubuhi, Sista Laure alipiga mwenyewe. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia kwao tangu Jumapili; watoto wawili wa chumba cha jirani walikuwa wameshapelekwa hospitali. Mbuyi na Kabanga walikuwa bado wazima. "Kuja leo," alisema. "Si kesho. Leo."

Maneno hayo Marceline hajawahi kuyakanusha mbele ya mtu. Aliyasikia vizuri, amesimama kwenye veranda ya shule, na chaki kwenye vidole. Alisema atafanya awezalo. Baada ya masomo alitoka moja kwa moja, lakini hakwenda kwa masista. Alikwenda kwa Ruffin.

"Lini?"

"Mercredi, Madame. Nikikaza sana. Jeudi asubuhi nitaleta na kuipanga."

"Ulete Jumatano hiyo hiyo."

"Madame, mikono yangu ni mbili tu."

Alisimama pale hadi jua likazama, kana kwamba mbao zingeona haya na kujiranda. Jumanne alirudi tena. Nyumbani ndoo ya maji yenye koki ilikuwa imejaa, dawa imetiwa, paketi ishirini za chumvi ya kuharisha zimepangwa kabatini kwa safu mbili. Kila kitu ambacho kingeweza kumwokoa mtoto kilikuwa ndani ya nyumba ile. Mtoto tu ndiye hakuwemo.

Alhamisi asubuhi Ruffin alileta kitanda cha pili kwenye mkokoteni, akakiunga, akapokea shukrani zake. Marceline alitandika vitanda vyote viwili kwa shuka zinazofanana, akaenda kufundisha kipindi cha tatu. Simu yake huizima darasani, kwa kuwa huwanyang'anya wanafunzi zao. Kipindi kilipoisha alikuta Sista Laure amepiga mara tano.

Alikodi pikipiki. Sista alikuwa amesimama mlangoni na Kabanga begani. Kabanga alikuwa amejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa, macho yamezama, lakini alikuwa akipumua na mkononi ana sindano ya maji.

"Mbuyi amekufa saa mbili asubuhi," Sista Laure alisema.

"Hatusemi hivyo," Marceline alijibu. Sauti ilikuwa ile ile ya darasani. "Mbuyi amerudi."

Sista alimpa Kabanga amshike, kwa sababu mikono ya mwanamke yule ilikuwa imeshanyooka yenyewe. Mtoto hakulia. Alitazama juu ya bega la Marceline, kuelekea nyuma yake, kama anayengoja mtu wa pili aingie.

Mbuyi alizikwa siku hiyo hiyo na masista, ndani ya mojawapo ya gauni za rangi ya maji. Marceline alilileta mwenyewe. Hakulia kaburini, kwa kuwa pacha haliliwi. Ukimlilia, unamwita mwenzake amfuate. Waliosema hakuwa na uchungu walikuwa wamesimama mbali.

Sasa lilibaki swali moja: kama Kabanga angepewa. Jessica alitakiwa kuandika ripoti kwa hakimu juu ya kilichotokea, na alisema atakuja nyumbani Jumanne.

Jumatatu Joëlle alifika kabla hata chai haijachemka. Alikaa, akavua kitambaa cha kichwa, akakivaa tena.

"Ile karatasi ya ma sœur iko wapi?"

"Kabatini."

"Ichome."

"Kwa nini?"

"Mulamu, usinifanye mutoto! Iko na mwandiko yako, nyekundu, kama copie ya mwanafunzi mujinga. 'Godoro moja', weye unakata. Hakimu akiona, anasema: huyu mwanamuke aliambiwa, akajifanya anajua kupita. Kabanga hutamupata tena. Ichome! Kisha useme mutoto alikuwa mugonjwa mbele. Nani atajua? Mbuyi alikuwa mwembamba, bantu bote baliona."

"Alikuwa mwembamba. Hakuwa mgonjwa."

"Na jina ya Casimir? Unataka bantu baseme nini juu ya jina ya kaka yangu?"

Marceline alimimina chai. "Watasema nini wakisikia nimemsingizia Sista Laure?"

"Eh, Sista ni wa Mungu, atasamehe!"

"Kunywa chai, Joëlle."

Joëlle hakunywa. Alitoka, na kwa kuwa alitaka kusaidia, alianza siku hiyo hiyo kusimulia kwenye bomba la maji kwamba mtoto alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Kufikia Jumapili maneno hayo yalikuwa yamegeuka: kama alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, basi Madame aliona, na kama aliona, basi alimrudisha. Hivyo ndivyo uongo wa kwanza ulivyozaa wa pili. Ulitoka ndani ya familia, kwa nia njema, na hilo familia inalikubali.

Jumanne Jessica alikuja na faili yake. Alionyeshwa chumba, maji, dawa, vyandarua. Alipapasa ukingo wa kitanda kimoja, kisha cha pili. Akauliza kwa upole kwa nini watoto hawakuchukuliwa siku iliyowekwa.

Marceline alifungua kabati, akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza mbele yake.

Jessica aliisoma. "Hii nyekundu ni ya nani, Madame?"

"Yangu."

"Na lundi, ma sœur alikuita?"

"Jumatatu, saa nne. Alisema nije siku ile. Sikuenda."

Msichana aliandika muda mrefu bila kuinua kichwa. Ni wazi kwamba alikuwa na huruma, na huruma ya kijana huwa na haraka. Alipomaliza aligeuza ukurasa ili Marceline asome na kutia saini. Yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri, na katikati ilisomeka kwamba ucheleweshaji ulitokana na seremala kutomaliza kazi yake kwa wakati, kwa kukosa umeme.

Marceline alisoma hadi mwisho. Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Alikata jina la Ruffin, na umeme, na mashine, mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Juu yake akaandika, kwa Kifaransa kisicho na kosa, kwamba ucheleweshaji ulitokana na yeye mwenyewe, Kapinga Marceline, aliyekuwa ameonywa mara mbili.

"Madame," Jessica alisema, "nikipeleka hii hivi, hakimu anaweza kukataa."

"Najua kusoma, binti yangu."

"Mutoto atabaki kwa ba sœur. Labda atapewa bantu bengine."

"Peleka."

Akatia saini. Mlango ulipofungwa nyuma ya Jessica alikwenda chumba cha katikati, akakaa sakafuni kati ya vitanda viwili, kwa kuwa kwenye chochote kati ya hivyo hakuweza kukaa.

Hakimu hakukataa. Lakini wasiseme kwamba alimsamehe, kwa sababu barua yake haina neno hilo. Kilichotokea ni kwamba Kabanga, baada ya kupona, alikataa kula. Kijiko cha Sista alikisukuma, cha wasaidizi alikisukuma. Marceline alikuwa akienda kila siku baada ya masomo, na kwake alipokea uji: kijiko kimoja, kisha anangoja, midomo imefungwa. Siku ya tatu Marceline alielewa anangoja nini. Alianza kuchota kijiko cha pili na kukiinua upande wa kushoto, pale ambapo mtu angekuwa amekaa, kisha kukirudisha bakulini. Hapo Kabanga alifungua mdomo. Sista Laure aliona hayo kutoka mlangoni na kumwandikia hakimu kwamba mtoto apelekwe kwa yule mwanamke, au azikwe karibu na dada yake. Aliandika hivyo hivyo.

Wiki tano baada ya Mbuyi kurudi, Kabanga aliingia Kikula mgongoni mwa Marceline, ndani ya kikwembe. Vitanda vya mulombwa alivikataa siku ya kwanza. Alipolazwa kwenye kimoja alishuka, akapanda cha pili, akakipapasa chote kwa viganja, akashuka tena, akarudi cha kwanza. Alifanya hivyo mchana kutwa. Marceline alitoka akaenda sokoni, akanunua godoro moja pana, akalitandika chini, akafunika kwa chandarua kimoja. Wanalala hapo, mama na mtoto, hadi leo.

Vitanda havikuuzwa. Kimoja kina nguo za Kabanga zilizokunjwa, na kingine kimetandikwa. Vikombe ni viwili, viatu ni jozi mbili, na Noeli hununuliwa gauni mbili. Aliyerudi hapungukiwi, ili aliyebaki asiitwe. Si ulozi, na wala si kulisha mtu. Wazee wetu walifanya hivyo katika nyumba zao zenye msalaba ukutani, na padri aliyebatiza akala mezani kwao.

Mwezi uliopita, baada ya misa ya pili, Joëlle alimshika Marceline mkono uani mwa kanisa. Wanawake watano au sita walikuwa wamesimama nyuma yake, wakijifanya wanatafuta kivuli. Kabanga alikuwa mgongoni, ameshika ukosi wa blauzi kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ameuacha wazi, ukining'inia.

"Mulamu, sema kitu moja tu mbele ya hawa, banyamaze," Joëlle alisema. "Ile kitanda ya pili ni ya nani?"

"Ya Mbuyi."

"Lakini Mbuyi—" mwanamke mmoja alianza.

"Ni ya Mbuyi."

"Na kwa nini hukubachukua ile vendredi yenye baliweka?" mwingine alidakia. "Bantu banataka kusikia kwa mudomo yako, Madame. Kuko benye banasema..."

"Hilo nimeliandika mara moja, mahali panapohusika, na nikaweka saini."

"Kwetu je?"

Marceline alikaza fundo la kikwembe kifuani, akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Kwenu, hapana," alisema, na akaondoka.